Hoja Sita, Maelezo Hakuna

Swali hili halikosekani kwenye midahalo ya shule za sekondari za Tanzania: masomo yote yafundishwe kwa Kiswahili, au Kiingereza kiendelee? Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu swali hilo kama insha ya hoja, na aya yake ya kwanza baada ya utangulizi mara nyingi itakuwa hivi:

"Sababu ya kwanza ni kwamba Kiswahili kinaeleweka na watu wengi. Watanzania karibu wote wanazungumza Kiswahili. Vilevile, Kiswahili ni lugha ya taifa na kinatuunganisha. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kwa hiyo Kiswahili kitumike kufundishia masomo yote."

Nimesoma aya za aina hii kwa miaka mingi na siwezi kuzidharau. Mwandishi ana msimamo, sarufi yake haina kasoro, na karibu kila alichosema ni kweli. Lakini msomaji anayetaka Kiingereza kiendelee ataimaliza aya hiyo akiwa palepale alipokuwa. Hakuna kilichomsukuma. Amekutana na mambo manne, kila moja likiwa na uwezo wa kuzaa aya yake lenyewe: idadi ya wasemaji, hadhi ya lugha ya taifa, umoja, na mila. Yote yametajwa na hakuna lililofafanuliwa. Kisha likafuata "kwa hiyo", kana kwamba kazi imekwisha kufanyika.

Mwanafunzi huyu si mvivu. Amefanya alichofundishwa. Tangu kidato cha kwanza amekutana na maswali yanayosema toa hoja sita, au hoja tatu kwa kila kitabu, na ameona kalamu ya mwalimu ikiweka tiki kila inapokutana na hoja mpya. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya darasa lililojaa naye hana muda wa kupima kina cha kila aya, na kuhesabu ni haraka zaidi. Matokeo yake tumelea vizazi vya waandishi wanaoweza kutaja sababu sita za jambo lolote ndani ya dakika kumi, lakini ukimzuia mmoja wao kwenye sababu moja na kumwuliza "kwa nini iwe hivyo?", anakimbilia ya saba.

Tuirudie aya ile polepole. "Kiswahili kinaeleweka na watu wengi" ni taarifa ambayo hata mpinzani anaikubali, kwa hiyo haiwezi kuwa sentensi kiini ya aya ya hoja. Sentensi kiini inapaswa kudai jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa, maana kukataa kwake ndiko kunakoipa aya kazi ya kufanya. Inapaswa pia kuwa nyembamba kiasi cha kutoshea ndani ya aya moja. Tumsaidie mwanafunzi aiandike upya: "Mwanafunzi anayefundishwa kwa lugha asiyoimudu hutumia nguvu zake kwenye maneno badala ya somo." Sasa kuna mzozo. Mpinzani anaweza kusema mtoto huzoea haraka, au kwamba kuhangaika na maneno ni sehemu ya kujifunza. Aya imepata mtu wa kujibiwa.

Baada ya dai, walimu wengi husema, leta ushahidi. Ni kweli, ila hapo ndipo somo la insha linapoishia katika vitabu vingi, ilhali sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza. Historia ya swali hilihili la lugha inaonyesha ugumu wenyewe uko wapi.

Kuanzia 1967 shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti ya uchunguzi wao kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania. Waligundua kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha hata kidogo kujifunzia masomo mengine.

Msomaji anayeunga mkono Kiswahili akifika hapa hudhani mjadala umekwisha. Lakini Criper na Dodd walipendekeza Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia sekondari na ufundishaji wake uimarishwe, na baadaye katika miaka hiyo ya themanini ukaanzishwa mradi wa kuimarisha Kiingereza mashuleni kwa msaada wa Uingereza. Tangu wakati huo watafiti na wanaharakati wa Kiswahili wamekuwa wakiutaja ugunduzi uleule wa 1984 kuwa ushahidi mkubwa wa kwa nini Kiingereza kiondolewe. Ushahidi mmoja, na safari mbili zinazopeana mgongo.

Inawezekanaje? Kila upande umeegemea kanuni ambayo haionekani ndani ya takwimu. Anayetaka Kiingereza kibaki anaamini kwamba faida zake kwa mwanafunzi ni kubwa mno kuachwa, hivyo udhaifu ni sababu ya kukitilia mkazo zaidi. Anayetaka Kiswahili anaamini kwamba haki ya kwanza ya mwanafunzi ni kulielewa somo la leo, na kwamba si haki kumngojesha mpaka aimudu lugha ndipo aruhusiwe kuelewa kemia. Ushahidi unakwenda upande unakosukumwa na kanuni hizi. Mwandishi anayeandika "utafiti ulionyesha Kiingereza cha wanafunzi ni duni, kwa hiyo tutumie Kiswahili" ameruka hatua ambayo mabishano yote yanaihusu.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1958, akitenganisha dai, ushahidi, na kile kinachotupa ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kufika kwenye dai. Aliitazama hoja kwa namna inavyosikilizwa mahakamani, ambako hakuna anayekubali kitu kwa kuwa tu kimewekwa mezani. Mimi darasani huita hatua hiyo ya tatu kiungo, na naamini aya ya insha ya hoja hukomaa au hudumaa hapo. Dai huchukua sentensi moja. Ushahidi huchukua mbili au tatu. Kiungo ndicho kinachostahili nafasi kubwa, na ndicho wanafunzi wetu wanachokipa neno moja: "hivyo".

Mfano bora ninaoujua wa aya iliyokomaa umo katika maandishi ya Mwalimu Nyerere, *Elimu ya Kujitegemea*, yaliyotolewa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Anadai pale kwamba elimu iliyorithiwa imekusudiwa wachache. Ushahidi wake ni nambari moja: ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule ya msingi watakaopata nafasi sekondari. Mwandishi wa kawaida angeiweka nambari hiyo, akaongeza alama ya mshangao, akahamia hoja inayofuata.

Nyerere anabaki. Anaonyesha kwamba pamoja na ukweli huo, shule ya msingi bado imepangwa kana kwamba kazi yake ni kuwaandaa watoto kwa sekondari. Kisha anaigeuza nambari na kututazamisha upande wa pili, asilimia 87, ambao wanamaliza shule wakiwa na hisia ya kushindwa, kana kwamba wamenyimwa kitu kilichokuwa haki yao. Wale 13 nao wanaondoka wakiamini wamestahili tuzo. Angalia kilichotokea: nambari kavu ya nafasi za shule imegeuka kuwa maelezo ya namna shule inavyojenga tabia za makundi mawili ya raia. Hakuongeza ushahidi wowote mpya. Alieleza ule alionao mpaka ukatoa maana iliyokuwa imejificha.

Nambari hiyohiyo ilikuwa na njia nyingine iliyo wazi kabisa. Kama ni asilimia 13 tu wanaoingia sekondari, basi tujenge sekondari nyingi zaidi! Msomaji wa 1967 angefika huko mwenyewe bila kusukumwa. Nyerere alilijua hilo, na ndiyo maana hakumwacha msomaji peke yake na takwimu. Anaeleza kwamba nchi isingeweza kulimaliza tatizo kwa kuongeza nafasi, kwa kuwa uwezo wa fedha haukuwepo, na akaisukuma hoja kuelekea kubadilisha kile ambacho shule ya msingi inampa mtoto. Unaweza kulikataa hitimisho lake. Wapo waliolikataa wakati ule na wapo leo. Lakini ili ulikatae itakubidi uonyeshe ni kiungo gani kilichokatika, na mwandishi wa hoja hana heshima kubwa zaidi ya kumwomba msomaji wake.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Akiwa na dai jipya, akachagua mfano mmoja, akakubali kukaa nao, aya yake inaweza kuwa hivi:

"Mwanafunzi anayefundishwa kwa lugha asiyoimudu hutumia nguvu zake kwenye maneno badala ya somo. Katika shule ya msingi ya serikali alijifunza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Kidato cha kwanza somo lilelile linarudi kwa Kiingereza. Akiulizwa, jibu analijua lakini hana sentensi ya kulisemea, basi anakariri sentensi ya kitabu neno kwa neno. Mwalimu anapoisahihisha anaona jibu sahihi na kuweka tiki, ilhali hana njia ya kujua kama mwanafunzi ameelewa au amehifadhi maneno tu. Lugha ya kufundishia ikimzuia mwalimu asione kilichoeleweka na kisichoeleweka, basi shule imepoteza chombo chake cha kwanza cha kufundishia, hata pale wanafunzi wanapofaulu mtihani."

Ndani yake hamna takwimu hata moja, hamna methali, na umoja wa taifa haujatajwa. Kuna kisa kimoja kinachofuatwa hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo msomaji hakutazamia: tulidhani shida ni ya mwanafunzi, kumbe na mwalimu amefungwa macho. Ugunduzi huo mdogo haukuwepo kwenye sentensi ya kwanza. Umetokana na kueleza. Aya inayomaliza ikijua zaidi ya ilivyojua ilipoanza ndiyo ninayoitafuta kila ninapofungua daftari.

Inafaa kusema jambo kuhusu mifano na takwimu, kwa kuwa wanafunzi huzichanganya. Mfano huonyesha jambo linatokeaje. Takwimu huonyesha linatokea kwa wangapi. Kisa cha mwanafunzi mmoja hakiwezi kuthibitisha kwamba wengi wako hivyo, na asilimia haiwezi kueleza kwa nini wako hivyo. Mwandishi aliye kwenye chumba cha mtihani hana maktaba, na kishawishi cha kubuni asilimia ni kikubwa. Nimekutana na "asilimia 80 ya Watanzania" ikithibitisha mambo yasiyo na uhusiano wowote. Nambari ya kubuni ni uongo, na uongo katika insha ya hoja ni kosa zito kuliko kosa lolote la sarufi. Asiye na takwimu za kweli aeleze jinsi jambo linavyotokea, kwa usahihi na kwa uvumilivu. Maelezo mazuri ya sababu na matokeo yanatosha kubeba aya.

Methali ni suala jingine. Nchini Kenya mtahiniwa huweza kupewa methali aandike kisa kinachoidhihirisha, na hiyo ni kazi halali yenye ufundi wake. Tatizo huja tabia hiyo inapohamia kwenye insha ya hoja, na wahenga wakaitwa kutoa ushahidi. Anayetaka jambo liahirishwe atasema haraka haraka haina baraka. Anayetaka lifanyike leo atasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga wako pande zote mbili, na wote wana busara. Methali hulipa sura jambo lililokwisha kuthibitishwa. Ikitangulia uthibitisho, humfunga msomaji mdomo bila kumshawishi, na msomaji mzuri huchukia kufungwa mdomo.

Swali la nani anashawishi na kwa nini limo pia katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere mwenyewe aliitafsiri, toleo la kwanza likatoka 1963 na lililorekebishwa, *Juliasi Kaizari*, mwaka 1969. Ningependa kila darasa la insha lisome hotuba mbili za mazishi zilizomo humo. Brutus anapanda jukwaani na kuwaambia Warumi kwamba amemuua Kaizari kwa sababu Kaizari alikuwa na uchu wa madaraka. Ni mtu wa heshima, wanamwamini, wanashangilia. Lakini ukiichambua hotuba yake kama aya ya insha, utaona ina dai na haina ushahidi. Mahali pa ushahidi ameweka heshima yake mwenyewe. Kisha anakuja Antony na kuleta vitu vinavyoshikika: mateka ambao fidia yao ilijaza hazina ya Roma, machozi ya Kaizari kwa ajili ya maskini, taji alilolikataa mara tatu, na mwishoni wosia unaompa kila raia drakma 75. Umati unageuka.

Walimu wengi huishia hapo: ushahidi umeshinda heshima. Ni kweli, ila kuna la zaidi. Hapo awali katika tamthilia hiyohiyo, Casca alimsimulia Brutus jinsi taji lilivyokataliwa, na akasema kwamba kila mara Kaizari alilisukuma kwa ulegevu zaidi, na kwa maoni yake alikuwa analitamani. Kwa hiyo kisa ambacho Antony anakitumia kuthibitisha kwamba Kaizari hakuwa na uchu, Brutus alikuwa nacho mkononi, tena kikiwa na maelezo yanayothibitisha kinyume chake. Angeweza kuwaeleza Warumi: mliona akikataa, sasa sikilizeni alivyokataa. Hakufanya hivyo. Alimwachia mpinzani tukio likiwa tupu, na mpinzani akalijaza.

Ndiyo sababu nasisitiza kwamba katika insha ya hoja lazima iwepo aya inayokutana na upande wa pili, na ikutane nao ukiwa na nguvu zake zote. Aya za upinzani zinazoandikwa na wanafunzi wetu huanza na "wapo wanaosema" na kumalizika kwa kuwaita hao wanaosema watumwa wa ukoloni. Mpinzani wa namna hiyo hayupo, kwa hiyo kumshinda si ushindi. Katika suala la lugha, upande wa Kiingereza una hoja nzito: vitabu vya vyuo vikuu, ajira, mawasiliano na dunia. Una pia mashahidi wakubwa. Nyerere, yuleyule wa *Elimu ya Kujitegemea*, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Mzazi anayeuza mazao amlipie mtoto karo ya shule inayofundisha kwa Kiingereza anajua anachokitafuta, na si msaliti wa mtu yeyote.

Mwandishi aandike hayo kwa namna ambayo mzazi yule akisoma atasema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyofikiri". Kisha atenganishe mambo mawili yaliyofungwa pamoja ndani ya hoja ya mzazi: kujifunza Kiingereza, na kujifunza kila kitu kwa Kiingereza. La kwanza alikubali bila kinyongo. La pili alihoji, kwa kuonyesha kwamba mtoto anayekariri sentensi za baiolojia hajifunzi baiolojia vizuri wala Kiingereza vizuri, hivyo lengo la mzazi lenyewe halifikiwi kwa njia hiyo. Aya ya upinzani ikiandikwa hivi, haimwangushi mpinzani. Inamwonyesha njia fupi ya kufika anakotaka kwenda.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Katika malumbano ya washairi wa pwani, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, anayejibu huichukua kauli ya mwenzake ilivyo, mara nyingi pamoja na bahari na vina vyake, ndipo aitatue. Kumjibu mtu jambo ambalo hakulisema ilikuwa aibu mbele ya wasikilizaji waliokuwa wamesikia pande zote. Ningetamani aibu hiyo irudi kwenye madaftari ya shule.

Kuhusu viunganishi nitasema kifupi. Chukua insha ya mwanafunzi, tafuta maneno kama aidha, vilevile, isitoshe, fauka ya hayo. Hayo huongeza kitu juu ya kingine. Kisha tafuta kwa kuwa, ilhali, endapo, ijapokuwa, hata hivyo. Haya hueleza uhusiano wa kitu na kingine. Insha iliyojaa ya kundi la kwanza na kupungukiwa na la pili ni orodha iliyovaa nguo za insha, na hakuna haja ya kuisoma mara mbili ili kulijua hilo. Urefu wa aya nao usiogopwe. Aya za hoja si lazima zilingane. Hoja kuu ipewe nafasi, hata ukurasa mzima, na hoja ndogo imalizike kwa sentensi tatu bila kuomba radhi.

Kwa walimu wenzangu, nadhani mabadiliko yanaanza kwenye swali lenyewe. Badala ya hoja sita, tuombe mbili, na tuseme wazi kwamba alama nyingi ziko kwenye maelezo. Pembezoni mwa daftari, pale palipo na "kwa hiyo" isiyo na kitu nyuma yake, tuandike "kwa nini?" na turudishe kazi kabla ya kuweka alama. Na lipo zoezi moja ambalo halihitaji kitabu wala mashine. Andika ubaoni ugunduzi ule wa 1984, kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Ligawe darasa pande mbili. Nusu waandike aya moja inayotumia ugunduzi huo kutetea Kiswahili, nusu nyingine wautumie uleule kutetea Kiingereza. Wabadilishane madaftari, na kila mmoja apige mstari chini ya sentensi zinazomtoa mwenzake kwenye ushahidi na kumfikisha kwenye dai. Asiyeona pa kupiga mstari amrudishie mwenzake daftari, na mwenzake aiandike upya kabla kengele haijalia.